Mbuzi wa Bi Yamna

Bi Yamna alikuwa na sauti ambayo wanawake wenzake waliionea wivu na wanaume tuliiogopa. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa mbiu ya maji. Chemchemi yetu ni moja, iko juu kabisa chini ya mierezi, na mashamba yote ya upande wetu wa Ketama hupokezana maji yake kwa zamu. Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha jiwe lililosimikwa kando ya msikiti. Kivuli kikifika alama, Bi Yamna alipanda jabali lililo nyuma ya nyumba yake akaita: "Zamu ya Alal imekwisha! Kadur, maji yako!" Hapo mimi, maana Alal ndiye mimi, naziba mfereji wangu kwa udongo na majani, na Kadur ng'ambo ya korongo anafungua wake. Ukichelewa kuziba aliita mara ya pili, na mara ya pili alitaja na jina la mama yako. Hakuna aliyesubiri afike huko.

Habari hii ni ya mwanawe, Mfedal. Lakini huwezi kumweleza Mfedal ukaiacha sauti ya mama yake, kwa sababu ndiyo iliyomlea na ndiyo iliyomficha.

Sisi tunalima bangi kama walivyolima baba zetu na baba zao. Kwetu inaitwa kif, na mtu akikuuliza shambani kwako kuna nini, ujue anakutania. Ila sheria ilikuwa haitanii. Mtu akikamatwa njiani na gunia, askari humuuliza kalitoa wapi, naye hutaja jina lolote lililo karibu na ulimi. Sijui nani alimtaja Mfedal. Yeye mwenyewe hakushikwa na kitu, hata jani. Alitajwa, basi, na tangu siku hiyo akawa mtu anayetafutwa. Anayetafutwa hashuki mjini. Hapati kitambulisho, haendi soko la Jumanne, jino likimuuma hung'olewa na fundi viatu. Huishi roho mkononi ndani ya shamba lake mwenyewe, na milimani kwetu wa namna hiyo ni wengi hata hakuna anayewahurumia sana.

Askari walipokuja kumfuata mara ya kwanza, Bi Yamna aliona vumbi la gari lao kwenye kona ya chini. Mfedal alikuwa shambani anapalilia. Mama angeliita jina lake, angekuwa amewaonyesha wanaomtafuta. Akapanda jabali lake akaita kwa sauti ile ile ya maji: "Jamani, nani kamwona mbuzi wangu wa kahawia? Mbuzi wangu kapotea!"

Bi Yamna hakuwa na mbuzi wa kahawia. Alikuwa na weupe wawili na nyumbu mmoja mvivu. Mfedal akaelewa, akatupa jembe, akaingia mierezini. Baada ya hapo mbuzi yule alipotea kila mwaka, tena mara kadhaa, hadi siku moja askari mmoja, kijana mpole kutoka tambarare, akamwambia, "Mama, huyu mbuzi wako si umfunge kamba?"

"Angekuwa wa kufungika," Bi Yamna akamjibu, "ningekuwa nimeshamla sikukuu."

Tangu wakati ule jina la Mfedal halikuitwa tena hadharani. Zamu yake ya maji ikifika, mama yake aliita, "Mwenye shamba la juu, maji yako!" Nasi tukamfuata. Kwetu sote akawa mwenye shamba la juu. Mkewe Shama alimwita "wewe", ingawa wanawake wengi huwaita hivyo hata waume wasiotafutwa na mtu. Nadhani jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Mtu akikaa miaka bila kuitwa jina lake, anakuwa kama kitu kilichokopwa.

Kisha figo za Bi Yamna zikaharibika. Ilibidi apelekwe Al-Huseima, pwani, kwa binti yake Hania, kwa sababu huko ndiko kuna mashine za kusafisha damu, na mashine haipandi mlima. Tulimpandisha juu ya nyumbu. Mfedal alimsindikiza hadi penye mawe mawili, kwenye kona ambayo ukiipita unaonekana na askari wa kizuizi cha barabarani. Hapo akambusu mama yake mkono, akambusu kichwa, akarudi nyuma ya jiwe. Mama akamwambia atakuwa amerudi kabla ya kupanda mbegu. Tulipanda, tukavuna, tukapanda tena. Mashine ilimtaka kila baada ya siku moja na haikumpa ruhusa ya kusafiri.

Wakawa wanaongea kwa simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Swali la kwanza la mama halikuwa la wajukuu wala la Shama. Aliuliza, "Kumenyesha?" Mfedal alimweleza mvua, ukungu, upepo, kiasi cha maji chemchemini, nani kagombana na nani. Maana alipoondoka yeye, zamu zilivurugika. Tulijaribu kuitana kwa simu, na simu haimtaji mama wa mtu. Mama naye alimsimulia habari za mjini, na siku moja akasema jambo ambalo Mfedal alilirudia kwangu mara nyingi: "Wananipimia maji, mwanangu, eti figo hazimudu mengi. Kiglasi cha chai asubuhi, kiglasi jioni. Mimi niliyegawia bonde zima."

Mfedal alionyesha hamu yake ya mama waziwazi, bila haya. Wanaume wa kwetu huwa na hamu ya mama kimoyomoyo na hulia akishazikwa. Yeye aliisema akiwa amekaa nami ukingoni mwa shamba, mkate wa shayiri mkononi. "Alal, nimesahau mkono wake una uzito gani," aliniambia. Nikamwongezea zeituni.

Mwaka ninaousimulia ulianza vibaya. Theluji haikuanguka kabisa. Sisi wengine tulikuwa tumeshaacha mbegu ya kienyeji siku nyingi. Tulinunua mbegu za Ulaya zinazotoa miti mirefu kumpita mtu, tukachimba malambo, tukayatandika plastiki nyeusi, tukalaza mabomba mlima mzima. Miti ile hunywa maji usiku na mchana kama imelipiwa. Mfedal alibaki na mbegu ya mama yake, ile ya zamani, inayomwagwa kwa mkono mvua za mwisho wa baridi zinapokuja na haimwagiliwi tena mpaka ivunwe kwenye joto. Huwa fupi, imesongamana. Tulimcheka.

"Mwenye shamba la juu," Kadur alimwambia, "hiyo ni bangi au ndevu?"

"Ndevu," akasema. "Hazijaja kuomba maji kwako."

Lakini hata ndevu zinataka tone la kuanzia. Alingoja mvua hadi majirani wakaanza kumwonea huruma, kisha akamwaga mbegu kwenye udongo mkavu akisema Mungu si kipofu. Mvua ikaja kwa siku moja tu, yote kwa pamoja, ikabomoa kuta za matuta ya chini na kuteremsha mbegu korongoni. Alizijenga kuta upya, yeye na Shama, jiwe juu ya jiwe, akamwaga mbegu iliyobaki. Ikaota. Miche ilipofika gotini ikaja mvua ya mawe, ikaikata vichwa. Ile iliyochipua pembeni ikakutana na upepo wa mashariki, upepo wa moto unaokausha hata mate mdomoni. Mimi nilikuwa na lambo, na lambo langu lilibaki tope na vyura. Chemchemi ikawa nyembamba, unaweza kuiziba kwa kidole.

Ijumaa mama aliuliza, "Kumenyesha?"

Mwanzo Mfedal alimwambia kweli. Baadaye akaanza kumwambia kumenyesha kidogo, hali si mbaya. Bi Yamna akamkatiza, "Unanidanganya. Sauti yako ina vumbi."

Mfedal akachagua kipembe kimoja cha shamba, karibu na jabali la mama yake, akaamua kuokoa hicho tu. Zamu yake ilipofika hakufungua mfereji, maji yasingefika. Alikinga kwa ndoo chemchemini, akabeba mwenyewe kwa sababu nyumbu alikuwa amezeeka, akamimina kikombe kimoja kwenye kila shina, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Nilimwambia anajisumbua bure, kipembe kile hakitamlisha. Akasema hataki kimlishe. Anataka mbegu. Mama akirudi asikute shamba limesahau mbegu yake.

Ikaja Ijumaa ambayo simu haikulia. Hania alieleza baadaye kwamba mama alitoka kwenye mashine amechoka, akalala. Lakini Mfedal hakungoja maelezo. Shama alinijia mbio, nikamfuata mumewe njiani, nikamkuta penye mawe mawili. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiwe, anachungulia. Kutoka pale kizuizi kinaonekana, na siku isiyo na ukungu unaiona bahari mbali, na ukingo mweupe wa mji.

"Yuko nyuma ya kile kilima," akasema. "Nikishuka sasa hivi, jua likizama nipo mlangoni."

Nikamwambia atafika kizuizini, hatafika mlangoni, na mama yake atakuja kumwona kupitia nondo za jela, kama mashine itampa nafasi. Nilisema kwa ukali, maana niliogopa atashuka kweli. Alikaa pale muda mrefu akitazama. Kisha akakumbuka kwamba zamu yake ya maji ilikuwa jioni ile, akainuka, tukapanda pamoja.

Mwezi wa nane, siku ya sikukuu ya taifa, ukatangazwa msamaha. Wakulima wa kif waliokuwa wanatafutwa walisamehewa. Redio ilisema, lakini redio kwetu husema mengi. Kadur, ambaye siku hizi ndiye mjumbe wa kijiji, akaitwa ofisini chini akapewa majina ya watu wetu ayatangaze. Alipanda mlima anatweta kwa furaha, suruali imejaa vumbi, akaingia msikitini akashika kipaza sauti.

Kadur ni jirani yangu na simsengenyi. Lakini akili ni nywele. Mtu mwenye busara angeanza na habari, majina yakafuata. Yeye alianza na majina. Kwa sauti ya kiofisi, jina la mtu, la baba yake, la babu yake, moja baada ya jingine, yakirushwa na vipaza sauti hadi ng'ambo ya korongo. Sasa wewe jiulize, mtu ambaye miaka yote amejua kwamba siku serikali itakapotamka jina lake hadharani ndiyo siku ya kukamatwa, atafanya nini? Nilikuwa kwenye tuta langu nikawaona kwa macho yangu. Huyu anaruka ukuta, yule anaacha punda na mzigo wake, mwingine katoka na sabuni usoni. Kadur alipofika kwenye neno "wamesamehewa", hakuna aliyesamehewa aliyekuwa karibu kulisikia. Wote walikuwa mierezini.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jioni wake zao waliwafuata na chakula, wakawaleta nyumbani mmoja mmoja, wana majani kichwani. Mfedal hakuonekana.

Yeye alikuwa hodari kuliko wote, na mafichoni pake hata Shama hakupajua. Simu aliizima na kuitoa betri, kama kawaida yake. Shama aliingia msituni akiita, "Mfedal! Mfedal!" Nilimsikia nikajua anakosea. Mke ambaye miaka yote hakulitaja jina la mumewe, leo analipigia kelele msituni? Mfedal alituambia baadaye kwamba alimsikia vizuri sana. Aliamini askari wamemshika mkono na kumlazimisha aite, akasogea juu zaidi, kule kwenye miamba.

Asubuhi yake Hania akapiga simu. Mama alikuwa amekataa kupelekwa kwenye mashine. Amesema amechoka, na madaktari wamesema anayetaka kumwona asichelewe. Shama akaniwekea simu sikioni niyasikie mwenyewe. Mtu alikuwa huru, njia iko wazi, mama yake anamngoja, naye kajificha akilikimbia jina lake mwenyewe.

Tulizunguka msitu mzima asubuhi ile, Kadur mbele kwa aibu, tukiita kwamba amesamehewa. Hivyo ndivyo hasa ambavyo askari wangetuambia tuite. Adhuhuri tukarudi na midomo mikavu, na Shama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna mtu mmoja tu ambaye yule bwana humwamini.

Tukaenda kwa fakihi wa msikiti. Akasitasita kidogo, akisema kipaza sauti ni cha adhana, kisha akafungua mlango. Shama akampigia Hania, Hania akamweleza mama yake, na fakihi akaishika simu mbele ya kipaza sauti kwa mikono miwili kama anashika yai.

Kwanza tulisikia pumzi. Bonde zima lilisikia pumzi ya Bi Yamna. Kisha akasafisha koo.

"Mfedal," akasema. "Mfedal, mwana wa Yamna. Ni mimi. Hakuna askari. Yule mbuzi amekufa, mwanangu. Shuka."

Haikuwa sauti ile ya zamani. Ilikuwa imechakaa, katikati ilikatika. Lakini nitakueleza kilichotokea, ucheke ukitaka. Ng'ambo ya korongo nikamwona mzee mmoja anainuka na jembe kwenda kuziba mfereji wake. Mwingine naye akainuka. Mimi mwenyewe nilijikuta nimeshafika nusu ya njia kuelekea shambani kwangu, kwenye mfereji usio na maji, kabla sijajiuliza naenda wapi. Sauti ile ikiita, sisi tulikuwa tunainuka, na kumbe tulikuwa tumeingoja miaka yote hiyo. Nikasimama pale pale nikalia, na sijali nani aliniona.

Mfedal alitoka mierezini taratibu, mikono mbali na mwili, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya giza. Shama akampigia kelele habari yote, ya msamaha na ya mama, lakini hakuja kwetu. Alipanda kwanza chemchemini na chupa, akaikinga, na kwa jinsi maji yalivyokuwa membamba tulimngoja sana, Shama akitaka kumfokea. Hakuna aliyemfokea. Haikuwa hata zamu yake, ilikuwa ya Kadur, na Kadur alitazama pembeni.

Nilishuka naye mimi. Penye mawe mawili akasimama, asivuke kona. Nikamwekea mkono mgongoni nikamsukuma, si kwa upole. Kizuizini askari alimtazama, akatazama karatasi ya majina aliyotupa Kadur, akamtazama tena, akasema apite. Akapita. Upande wa pili akageuka kukiangalia kile kizuizi, vyuma viwili na kibanda cha bati, akatikisa kichwa. Tukapata gari la kwenda pwani. Njia nzima alishikilia chupa mapajani na hakuitazama bahari hata ilipokuwa pembeni kabisa ya barabara.

Bi Yamna alikuwa amelala kwenye godoro karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mfedal akapiga magoti. Akauchukua mkono wake, akaubusu, kisha akaubakiza kwenye viganja vyake, anaupima. Ulikuwa hauna uzito wowote. Nilimwona anavyotambua hilo.

"Kumenyesha?" mama akauliza.

"Hapana, mama," akasema. "Hakujanyesha. Kimebaki kipembe kile cha jabalini. Mbegu ipo."

"Ahaa." Akafumba macho. "Sasa ndiyo unaongea."

Mfedal akamwomba ruhusa Hania kwa macho, akaifungua chupa. Hania akasema mama ameshamaliza kipimo chake cha leo. Bi Yamna akamwambia binti yake alete glasi, na kama ni kipimo, ahesabu anakopa cha kesho. Hania akaleta kiglasi kitupu cha chai. Mfedal akakijaza maji ya chemchemi, akamwinua mama yake kichwa. Alikunywa kidogo kidogo, akiyaweka kinywani kabla ya kumeza, macho bado ameyafumba. Alipofika nusu akaiondoa glasi midomoni na kumsogezea mwanawe.

Akavuta pumzi, kifua kikainuka kama alipokuwa anasimama juu ya jabali. Sauti iliyotoka haikufika hata mlangoni.

"Zamu ya Yamna imekwisha," akaita. "Mfedal, maji yako."

Mfedal akaipokea glasi kwa mikono miwili, akanywa.